Kamera Tupu za Mume Wangu

Mume wangu ana kamera nyingi kuliko vikombe vya nyumba yetu, na sina picha yangu hata moja aliyonipiga yeye. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani naandika sifa za fundi wa picha. Yeye si mpiga picha. Yeye ni mkusanyaji, neno alilorudi nalo kutoka Nairobi pamoja na kamera ya kwanza, na hadi leo hulitamka polepole kama mtu anayetaja cheo.

Anachokusanya ni zile kamera ndogo za filamu, za kuingia mfukoni. Hapa Wabera, mtaa wetu mjini Isiolo, nilipokuwa msichana, zilikuwa kila mahali. Mtu akitoka kazini Uarabuni alikuja nayo sandukuni, ikapiga harusi mbili tatu na sikukuu za Idi, ikaazimwa na majirani, ikarudi na mkanda umekatika. Halafu simu zikaja. Kamera zikaingia kwenye droo pamoja na betri zilizovuja na funguo zisizo na kufuli, watoto wakazichezea hadi vifuniko vikang'oka, na hakuna mtu aliyelia. Hata mume wangu hakulia. Ya mama yake iliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, yeye mwenyewe akiwa amesimama mlangoni anapiga mswaki.

Lakini alikwenda Nairobi kwa semina ya kazi, maana ameajiriwa serikalini hapa Isiolo, na huko akaona vijana wamezivaa shingoni mahali pa kunywa kahawa. Alirudi na moja ameifunga ndani ya soksi.

"Unajua hii ni nini?" akaniuliza.

"Kamera."

"Hapana. Hii ni historia."

Nikaigeuza nyuma. Historia ilikuwa imeota kutu mahali pa betri.

Basi ikawa hivyo. Moja ikaita nyingine, na kabati la vioo la sebuleni, ambalo mama yangu aliniwekea vikombe na chupa za chai siku ya kuolewa, likaanza kupungukiwa na nafasi. Mwanzo alisogeza vikombe upande. Baadaye nikavikuta ndani ya katoni chini ya kitanda. Jirani mmoja alikuja kunisalimu, akaangalia kabati, akaniuliza kwa sauti ya huruma kama tumeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Kila Ijumaa baada ya swala alizitoa zote, akatandika taulo juu ya meza, akazifuta kwa pamba na spiriti niliyonunua ya vidonda vya watoto. Alizibonyeza kitufe na kusikiliza. Nyingine ilifungua mdomo na kuutoa nje, ikalia kama nzi ndani ya chupa, na yeye akatabasamu. "Sikia hiyo mota," ananiambia, na mimi nimebeba beseni la nguo. Filamu hakutia hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema filamu siku hizi ni ghali, na kuosha ni hadi Nairobi, na tena kamera ya mkusanyaji haitumiki ovyo, inatunzwa. Nilimuuliza kama angeoa kwa mpango huo huo. Akachovya pamba nyingine kwenye spiriti.

Siku moja nilifuatana naye Oldonyiro, kwa kuwa nina duka dogo la nguo hapa Wabera na nilikuwa na wateja huko wa kuwapelekea mashuka. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Vumbi lilikuwa limesimama, mbuzi wanalia, wanunuzi wanapapasa viuno vya wanyama, na mume wangu, na shati lake la ofisini, anapita katikati ya wachungaji akiuliza nani ana kamera ya zamani. Mzee mmoja alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Wewe unataka kamera imekufa?"

"Hata kama imekufa, mzee. Nitanunua."

"Na mbuzi imekufa utanunua pia? Iko moja pale nyuma ya lori."

Watu walicheka. Mume wangu alicheka pia, kwa ule mcheko wa mtu aliyesoma anapokuwa kati ya watu anaodhani hawajaelewa. Njiani akaniambia kwamba thamani ya vitu huchelewa kufika mashambani. Mimi nilikuwa nimeuza mashuka yote. Nilitazama nje ya dirisha.

Kisha marafiki wakapatikana. Walijuana kwenye simu, kundi la wanaume wazima wanaotumiana picha za kamera, na ndipo nilipogundua jambo lililonichosha kabisa: picha hizo za kamera wanazipiga kwa simu. Wachache walikuja kututembelea. Kiongozi wao alikuwa mtu wa Nairobi, mwenye ndevu ndefu zilizochanwa vizuri, amevaa kaptula mbele ya mama mkwe wangu. Walikaa sebuleni kwangu mchana kutwa, wakapokezana kamera kama watu wanaopokezana mtoto mchanga, na kusifu rangi ya plastiki. Nilileta nyama ya ngamia na wali. Yule wa ndevu alikula kwa mkono mmoja, huku kwa mkono wa pili ameshikilia kamera iliyonunuliwa soko la hapa kwetu, akasema, "Simu imeua picha. Watu wetu hawapigwi tena picha za kweli."

Nikamuuliza yeye alimpiga nani mara ya mwisho.

"Mimi si mpiga picha, shemeji," akasema. "Mimi ni mkusanyaji."

Nikaona kwamba ni ugonjwa wenye lugha moja.

Ni yule wa ndevu aliyetoa wazo la maonyesho. Walisema watu wa Isiolo wanastahili kuona hazina yao. Walikodi ukumbi mjini, wakaagiza kitambaa cheusi cha meza, wakachapisha vikadi vya Kiingereza vyenye jina la kila kamera na nchi ilikotengenezwa. Halafu, kwa kuwa waliogopa kwamba hakuna atakayekuja, wakatafuta gari lenye spika, nalo likazunguka mji siku ya soko likitangaza: njooni wote, kamera za zamani, picha za zamani, bure bila malipo.

Lilipopita mbele ya duka langu nilimpigia mume wangu simu.

"Watu watadhani mnapiga picha," nikamwambia.

"Tumesema maonyesho."

"Nani kati ya mama zetu anajua maonyesho ni nini? Wamesikia kamera, wamesikia picha, wamesikia bure."

"Usidharau watu. Watu si wajinga."

Ni kweli hawakuwa wajinga. Hapa kwetu, mtu akija na kamera kuna sababu: ni kipande, yaani kitambulisho, au ni msaada, au ni harusi. Hakuna aliyewahi kuja na kamera kuja kuionyesha kamera. Watu walifikiri sawasawa kabisa. Wiki ile niliuza mitandio na leso kuliko mwezi wa Ramadhani, na kila mama aliyenunua aliniambia anakwenda kupigwa picha na mume wangu. Nilijaribu kuwaeleza. Mmoja alinipiga begani akasema, "Wewe usiogope, hatutamchukua."

Siku yenyewe sikwenda mapema. Nilifunga duka karibu na adhuhuri, nikavuka barabara kwa miguu, na nilipokaribia ukumbi nikaona foleni imetoka hadi nje. Wengi walikuwa wanawake wazee. Walikuwa wamejipamba. Wengine niliwajua, wa hapa hapa mjini. Wengine walikuwa wamekuja na lori la mifugo kutoka upande wa Merti, na bado walikuwa na vumbi la safari miguuni na leso mpya mabegani. Ndani, katikati ya ukumbi, kulikuwa na kiti, na mbele ya kiti alisimama mume wangu, ameshika kamera nyeusi iliyong'aa. Anapiga. Taa inawaka, pa, na mwanamke anainuka, na mwingine anakaa.

Nitasema ukweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisema moyoni, leo ametia filamu. Leo hivi vidude vimefanya kazi. Nilisimama nyuma kando ya meza ya kitambaa cheusi, ambayo hakuna mtu aliyeiangalia, nikamtazama mume wangu na nikaona ana mkono mzuri. Alikuwa akiwaambia, "Inua kidevu kidogo, akko. Hivyo hivyo." Akko ndiyo bibi kwa Kiborana, na alilitamka kwa heshima.

Mwanamke aliyekuwa akikaa wakati huo nilimwona vizuri. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa Korbesa, kijiji cha upande wa Merti, na alishikwa mkono na binti yake ambaye ameolewa hapa Wabera na ni mteja wangu. Alikuwa amevaa miwani myeusi. Alipoketi aliivua miwani, akampa binti yake, akaweka mikono juu ya magoti, akatazama mbele moja kwa moja.

"Mimi niko tayari," akasema.

Taa ikawaka. Alifumba macho, akayafumbua, akasema, "Imeshika?"

"Imeshika, akko," mume wangu akamjibu.

Jioni tukiwa kwenye gari, yule wa ndevu na wenzake wakiwa wamekwisha kuondoka, nilimuuliza picha zile atazioshea wapi, maana watu walikuwa wengi na lazima ajue nani ni nani.

"Picha gani?"

"Za leo."

Akabadilisha gia bila sababu.

"Haikuwa na filamu," akasema.

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia arudie, akarudia. Akaeleza kwamba watu walikuja wengi, wakakaa kwenye viti, wakasubiri, na wa kwanza alipoanza kuuliza, yule rafiki yake wa ndevu alimnong'oneza: piga tu, flashi inafanya kazi, watafurahi waende. Basi akapiga. Na alipopiga wa kwanza, wa pili alikuwa ameshakaa.

"Ungewaambia."

"Ningewaambia nini? Wametoka mbali."

"Hilo hilo. Wametoka mbali."

"Hakuna aliyeumia. Walifurahi. Uliwaona mwenyewe. Na watasahau."

Nimeishi na mtu huyu muda mrefu. Nimemvumilia akiwa hana kazi, nimemvumilia akiwa na cheo, ambacho ni kigumu zaidi. Lakini katika gari lile nilimwangalia upande wa uso, kidevu chake na miwani yake ya kusomea aliyoipandisha kichwani kama mtu aliyefanya kazi kubwa, na nilimdharau kwa namna ambayo haikuwa na hasira ndani yake. Hasira ina joto. Hii ilikuwa kama kuangalia kitu kilichoachwa mvuani.

Hawakusahau. Kwa nini wasahau? Mtu aliyepanda lori na mbuzi ili apigwe picha hasahau kwamba hajapewa. Walianza kuja dukani, kwa kuwa mimi ndiye niliyepatikana. Wa mjini walipitia asubuhi wakienda sokoni. Wa Merti walituma watu. Mume wangu alinifundisha la kusema: sema zimepelekwa Nairobi. Nikamwambia aje akae dukani aseme mwenyewe. Akaanza kutoka nyumbani kwa mlango wa jikoni, akipitia uani kwenye kamba za nguo, mtu mzima mwenye mkoba wa ofisi akiinama chini ya mashati yake mwenyewe.

Yule mama wa Korbesa alikuwa bado mjini kwa binti yake. Alikuja karibu kila siku. Alisema salaam aleikum, akaketi kwenye benchi langu, akakubali chai, na hakuuliza haraka. Alizungumza habari za malisho na bei ya sukari, na mwisho, akiwa tayari kuondoka, ndipo aliposema, "Na ile picha yangu?"

Siku moja nilimuuliza anaitakia nini.

"Niko na dada," akasema. "Dada mkubwa. Aliolewa upande ya Ethiopia, hata mimi sijatoa meno ya ukubwa. Sasa miguu yake imeisha, na mimi macho yangu ilikuwa imeisha. Hawezi kuja, mimi siwezi kwenda. Kijana yake anapita Moyale na mifugo. Nikasema, nitampa hiyo picha apeleke. Dada yangu hajui mimi nimekuwa mtu aina gani."

Sikuweza kumpa chai nyingine juu ya neno kama hilo. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikaketi karibu naye, nikamwambia.

"Akko, hakuna picha. Ile kamera haikuwa na filamu. Ilikuwa tupu."

Alinitazama kupitia miwani myeusi.

"Na ile radi?"

"Ilikuwa taa tu."

"Taa tu," akasema. Alilirudia neno hilo kwa Kiborana, kama anayelipima. Kisha akaniambia, bila kupaza sauti: "Daktari alikuwa amenikata jicho. Aliniambia, usitoe miwani kwa mwanga. Mimi nikatoa, kwa sababu ya bwana yako. Ile siku jicho iliniuma mpaka nikalia kama mtoto. Binti yangu akasema, mama, si kitu, picha imepatikana."

Nilichukua simu yangu, nikamwambia nimpige sasa hivi, nitaitoa kwenye karatasi duka la pili kutoka hapa, ataondoka nayo. Alinisukuma mkono kwa upole.

"Wewe hukunidanganya," akasema. "Aje yeye."

Akarudi Korbesa na lori la kwanza lililopata nafasi.

Haikupita muda, tukapata wageni. Walikuwa wazee watatu, mmoja wao mtoto wa kiume wa yule mama, naye mwenyewe ana mvi. Walikuja nyumbani wakati wa alasiri, wakakaa sebuleni, wakakataa kunywa chochote kabla ya maneno. Mume wangu safari hii hakuwahi mlango wa jikoni. Alikaa mbele yao kama mwanafunzi aliyechelewa.

Mtoto wa yule mama aliangalia kabati la vioo kwa muda mrefu.

"Hizi zote ni kamera?"

"Zote, mzee."

"Zinapiga?"

"Nyingi zinaweza kupiga, ila..."

"Ila nini?"

Mume wangu akaanza kueleza habari za kukusanya. Alieleza vizuri, na mikono yake pia ilieleza. Wazee walimsikiliza. Alipomaliza, mmoja wao alisema jambo kwa Kiborana na wote watatu wakacheka hadi mmoja akashika mbavu. Mume wangu akanigeukia kwa kuwa nakisikia Kiborana kuliko yeye. Sikumtafsiria. Mzee alikuwa amesema kwamba amewahi kumjua mtu aliyefuga madume matupu, lakini hata yule alikuwa akiyauza.

Kisha wakasema lililowaleta. Hawakutaka faini. Mama alikuwa amesema neno moja: mtu aliyemdanganya aje Korbesa, aseme mbele ya wanawake wa huko waliokuja Isiolo alichofanya, halafu awapige picha wote, na safari hii ziwe picha. Mume wangu akasema atatafuta nafasi. Mtoto wa yule mama akamwambia nafasi ni wiki ijayo.

Wiki hiyo nyumba yangu ilikuwa kichekesho. Alipiga simu kwa yule wa ndevu amwombe waende pamoja, kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Yule akasema ana mafua. Filamu zilikuja na gari la vifurushi kutoka Nairobi. Ndipo ilipodhihirika kwamba mtu mwenye kabati zima la kamera hakujua kutia filamu. Aliketi mezani akitazama video kwenye simu, akasimamisha, akarudisha nyuma, akavuta ule ulimi wa filamu, ukatoka wote, akaiharibu ya kwanza. Mama mkwe wangu, ambaye huwa haongei mambo ya mwanawe, alisema, "Baba yako alikuwa anatia gizani, huku anazungumza na watu."

Nilikwenda naye. Alidhani nakwenda kumpa nguvu. Nilikuwa nimechaji simu yangu, na betri ya akiba nimeitia kwenye mkoba.

Njia ya Merti tunaijua sote, sina haja ya kuilalamikia. Tulifika Korbesa tukiwa weupe kwa vumbi. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwenye ukuta wa shule upande wenye kivuli, wengine wakiwa na zile leso nilizowauzia mimi, na yule mama alikuwa katikati, bila miwani sasa, macho yote mawili wazi na makali. Hakumpa mume wangu mkono. Alimwonyesha mahali pa kusimama.

Akasimama. Alikuwa na kamera shingoni. Akasema, "Ile siku Isiolo kamera yangu haikuwa na filamu. Niliwadanganya."

Mwanamke mmoja, mnene, aliyekaa mbele, akauliza, "Kwa nini?"

"Unajua, mama, sisi tunaokusanya kamera hizi za zamani..."

"Kwa nini?" akauliza tena, vile vile.

Mume wangu akaishika kamera kwa mikono miwili. Mbuzi walipita nyuma yetu.

"Niliona haya kusema sina filamu," akasema. "Mlikuwa mmeshavaa."

Katika maneno yote aliyoyasema juu ya kamera tangu arudi Nairobi na ile soksi yake, hilo ndilo pekee ninaloliheshimu. Wanawake walinong'onezana. Yule mnene akasema, "Basi piga," na yule mama wa Korbesa akawa wa kwanza kukaa kwenye kiti.

Alipiga kwa shida. Alisahau kusubiri taa ijae, akasogea karibu mno akidhani ndiyo ustadi. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake, na kila aliyepigwa na yeye nilimpiga pia kwa simu, kimya kimya, bila kuomba nafasi. Aliniona mara moja akanikazia macho. Nikaendelea.

Filamu zikapelekwa Nairobi, picha zikarudi ndani ya bahasha. Alizifungua mezani kwa mikono miwili. Nilisimama nikitazama sura yake. Nusu zilikuwa nyeusi. Nyingine zilikuwa safi, rangi nzuri, leso zinaonekana hadi maua, lakini hazina vichwa. Wanawake wa Korbesa, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shingoni kwenda chini, mikono juu ya magoti. Kumbe kidirisha cha kuchungulia katika kamera hizi hakioni kile kile kinachoonwa na lenzi, hasa ukisogea karibu, na jambo hilo linajulikana na kila mtu aliyewahi kuitumia hata Idi moja.

"Ni kosa la kawaida," akasema.

"Kawaida kwa nani?"

Picha ya yule mama ilikuwa na kichwa, tuseme ukweli. Alimpiga mara mbili; ya kwanza ilitoka nyeusi, na ya pili ilimshika akiwa amegeuka upande, anacheka na mtu asiyeonekana. Mume wangu aliipenda sana hiyo. Alisema ina uhai. Mimi nilikwenda duka la pili kutoka langu, nikatoa zangu za simu kwenye karatasi, zote, na vichwa vyao, nikafunga bahasha mbili pamoja na kuzituma kwa dereva wa lori.

Wakati mwingine yule mama alipokuja mjini kuonana na daktari, alipitia dukani. Alikuwa amechangamka. Aliniambia kwamba picha imefika kwa dada yake, ameipeleka yule kijana wa mifugo.

"Gani, akko? Ile ya kamera au ile ya simu?"

"Ile ninaangalia mbele. Ile ingine nimepa mtoto wa jirani, anacheza nayo."

Nikamuuliza dada yake alisemaje. Alianza kucheka kabla hajajibu, akashika ukingo wa kaunta yangu.

"Kijana anasema aliishika, akaiangalia, akaiangalia. Halafu akauliza: nani amepata picha ya mama?" Akanisubiri nielewe. "Mama yetu! Mama alikufa sisi wadogo, hakuna kamera, hakuna nini. Dada yangu anafikiria mimi ni mama. Wakamwambia, si mama, ni ndugu yako. Akakataa. Amekataa mpaka leo. Amelala nayo."

Alicheka tena, halafu akagusa shavu lake mwenyewe kama mtu anayetafuta kitu usoni. Akanunua mtandio wa kijani, akaenda zake.

Wakati wa chakula nilimsimulia mume wangu. Aliacha kula. Macho yake yaling'aa, akasukuma sahani mbele kidogo, na nikaona hotuba inakuja.

"Unaona sasa," akasema. "Hiyo ndiyo nguvu ya filamu."

"Ni ile ya simu," nikamwambia.

Akairudisha sahani karibu. Kisha akaniuliza kama kumebaki mchuzi.